Bustani ya Jamii: Makubaliano Kwanza, Jembe Baadaye

Hotuba kwa viongozi wa vikundi na wakazi wa mitaa, Mombasa



Mboga nyingi zinazoliwa Mombasa hazikulimwa Mombasa. Kabeji, viazi, nyanya na vitunguu vinavyojaa soko la Kongowea hufika kwa malori kutoka bara. Barabara ikikatika kwa mafuriko au bei ya mafuta ikipanda, fungu la mboga hupungua na bei yake hupanda siku hiyo hiyo. Wakati huo huo, katika mitaa hiyo hiyo, kuna kiwanja nyuma ya shule, ua wa msikiti au kanisa, na pembe ya mtaa iliyogeuka jaa la taka.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo linaweka kilimo miongoni mwa kazi za kaunti. Bustani ya jamii ni mahali ambapo haki hiyo na kazi hiyo hukutana na mkono wa mkazi. Ni kipande cha ardhi ambacho watu wa nyumba mbalimbali hulima kwa kugawana kazi, gharama na mavuno. Wengine hulima matuta yote pamoja; wengine hugawana matuta, kila nyumba na lake, huku maji, ua na vifaa vikiwa vya wote. Njia zote mbili hufaa.

Jambo moja ndilo hubeba yote. Mdudu akiingia kwenye mchicha, mchicha mwingine utapandwa baada ya siku chache. Lakini mwenye ardhi akirudi na kuwafukuza wakulima, au mwanachama mmoja akivuna usiku, bustani huwa imekwisha. Kwa hiyo makubaliano huja kabla ya jembe.

Ardhi ya nani?

Pwani ina desturi yake kuhusu ardhi. Familia nyingi zinamiliki nyumba bila kumiliki kiwanja kilicho chini yake, na viwanja vingi vina wenyewe wanaoishi mbali. Kiwanja kinachoonekana kimetelekezwa mara nyingi kina hatimiliki katika kabati la mtu. Kikundi kinachopanda bila kuuliza kinaweza kupoteza jasho la msimu mzima kwa asubuhi moja.

Wenye viwanja nao wana hofu yao, na ina msingi. Kwa sheria za Kenya, mtu anayekalia ardhi ya mwingine waziwazi, bila ruhusa, kwa miaka 12 mfululizo, anaweza kwenda mahakamani kudai umiliki. Ndiyo maana wenye viwanja wengi huona afadhali majani yaote kuliko kumwachia jirani apande kunde. Dawa ya hofu hiyo ni barua. Anayelima kwa ruhusa ya maandishi halimi kama mvamizi, na miaka ya ruhusa haihesabiwi katika hiyo 12. Kikundi kinachomwendea mwenye kiwanja kikiwa na barua mkononi kinamwondolea wasiwasi na kujipatia usalama wa mavuno yake.

Barua hiyo haihitaji Kiswahili kigumu. Itaje kiwanja kilipo na ukubwa wake. Kwamba ardhi inabaki ya mwenyewe. Ruhusa inaanza na kwisha lini. Mimea gani itapandwa, maana mwembe ukikita mizizi ni hadithi nyingine. Kwamba hakuna nyumba wala kibanda cha kudumu kitakachojengwa. Na notisi ya muda gani itatolewa mwenyewe akihitaji kiwanja chake. Notisi ya miezi mitatu hutosha kuvuna mboga zilizoko. Pande zote zitie sahihi mbele ya mzee wa mtaa au chifu, kila upande ubaki na nakala.

Kiwanja cha shule huombwa kwa bodi ya usimamizi ya shule. Ardhi ya wakfu huulizwa kwa wasimamizi wake. Kwa ardhi ya umma, msimamizi wa wadi ndiye mlango wa kwanza. Hifadhi ya barabara, njia ya nyaya kubwa za umeme, kingo za mito na maeneo ya mikoko si mahali pa kujaribia bahati. Yana masharti yake, na anayeyavamia huondolewa bila fidia.

Watu ni nani?

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na wanachama wasiopungua 10 ili kisajiliwe. Usajili hufanywa katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Kikundi hufika na kumbukumbu za mkutano wa kuanzishwa, orodha ya wanachama na katiba yake. Cheti hicho ndicho benki huuliza inapofungua akaunti, na ndicho mfadhili huuliza kabla ya kutoa mbegu au tangi.

Lakini watu watano wanaweza kuanza kulima ua wa jirani wiki hii, huku wakitafuta wenzao. Kinachohitajika tangu siku ya kwanza ni mwenyekiti, katibu anayeandika na mweka hazina asiyekuwa mke, mume wala ndugu wa mwenyekiti. Zamu za kumwagilia ziandikwe na kubandikwa mahali pa wazi. Adhabu ya kukosa zamu ijulikane mapema, na ijulikane pia kwamba mgonjwa, mzazi aliyejifungua na mfiwa hawatozwi.

Udongo ulifanya kazi gani zamani?

Kabla ya kuchimba, wazee waulizwe kiwanja kilikuwa nini. Je, palikuwa gereji, mahali pa kuchomea nyaya, au dampo? Mombasa ina sababu ya kuuliza. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha sumu ya madini ya risasi katika udongo na katika miili ya wakazi, wakiwemo watoto. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Risasi haionekani kwa macho wala haitoki kwa kuchemsha mboga. Pakiwa na shaka, afisa wa kilimo aelekeze udongo upimwe wapi, na kabla ya majibu mboga zipandwe juu, katika magunia au masanduku yenye udongo uliotoka mahali salama.

Gunia pia ni jibu la mtaa uliobanana. Huko Kibera, Nairobi, kilimo cha magunia kilienea baada ya mwaka 2008, wakati ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 zilipovuruga masoko na kupandisha bei ya chakula. Gunia hujazwa udongo ndoo mbili kwa samadi iliyooza ndoo moja. Katikati husimamishwa nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu ili maji yafike kila mahali, kisha matundu hutobolewa ubavuni na kila tundu hupewa mche wake. Anayetumia kiti cha magurudumu, au bibi asiyeweza kuinama, hulima gunia akiwa ameketi.

Palipo na mchanga au mawe ya matumbawe tu, mboji ndiyo msingi. Machimbo ya saruji ya Bamburi yalikuwa jiwe tupu pale René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971. Majongoo yalikula majani yaliyoanguka, yakatengeneza udongo, na leo pale ni msitu wa kutembelewa. Bustani haihitaji kungoja miaka hiyo yote. Maganda ya ndizi, majani makavu na samadi, vikirundikwa tabaka kwa tabaka, vikilowanishwa na kugeuzwa kila wiki mbili, huwa mboji kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu.

Maji yatatoka wapi?

Hapa ndipo hesabu huvunja au hujenga bustani. Maji ya bomba ya Mombasa hutoka nje ya kaunti: chemchemi za Mzima zilizo zaidi ya kilomita 200, Baricho, Marere na Tiwi. Mifereji hukauka siku nyingine, na mboga hazisubiri.

Matuta ya jumla ya mita za mraba 40, yakihitaji takriban lita 5 kwa kila mita kwa siku ya jua kali, hunywa lita 200. Hiyo ni mitungi 10 ya lita 20. Kikundi cha watu 10 kinahitaji mtungi mmoja kwa kila mtu kila siku. Kama hesabu hiyo inatisha, bustani ipunguzwe kabla ya mbegu kununuliwa. Majani makavu yakitandazwa juu ya udongo hupunguza kiu, na kumwagilia alfajiri au jioni huokoa maji ambayo jua la mchana lingeyachukua.

Paa nalo ni kisima. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 1,000. Hata zikipotea 200 njiani, tangi dogo limejaa. Maji ya kisima chenye chumvi huharibu udongo polepole, hivyo yaonjwe kabla ya kutegemewa. Maji ya mtaro wa majitaka yasitumiwe kamwe kwenye mboga.

Kipandwe nini, na lini?

Masika, kuanzia mwisho wa Machi hadi Juni, na vuli, kuanzia Oktoba, hupunguza kazi ya mitungi. Kikundi kipya kikianza katikati ya joto la kaskazi, mwezi wa Januari au Februari, kinajitafutia lawama.

Mchicha na kunde zitangulie. Zinastahimili joto la pwani, na majani yake huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne hivi. Faida yake nyingine ni kwa watu wenyewe: mwanachama aliyebeba fungu la kwanza nyumbani ndani ya mwezi mmoja huja zamu ya pili bila kuitwa. Mnavu, bamia, biringani na pilipili zifuate. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, yakichujwa na kunyunyizwa jioni, husaidia kufukuza wadudu wengi wa mboga, na mwarobaini haukosekani mtaani.

Mavuno yagawanywe vipi?

Kanuni iandikwe kabla ya jani la kwanza kuchumwa. Kwa mfano, kikundi cha watu 12 kilichovuna mafungu 30 kinaweza kuamua kwamba 12 yaende majumbani, 12 yauzwe na fedha ziingie akaunti, matatu yapewe jirani anayetoa maji, na matatu yafikishwe kwa wazee wasiojiweza. Kikundi kingine kitaamua vingine. Muhimu ni siku ya kuvuna ijulikane, wavune watu wasiopungua wawili, na idadi ya mafungu iandikwe kitabuni pale pale. Jirani anayeonja mavuno huilinda bustani usiku kuliko seng'enge.

Anayetaka kujiunga

Si kila mtu ana haja ya kuanzisha bustani. Pengine ipo moja mtaa wa pili, na ofisi ya kilimo ya kaunti ndogo au msimamizi wa wadi anaweza kuelekeza. Anayekwenda kuomba nafasi aulize mambo manne: kiingilio ni kiasi gani, zamu ni ngapi kwa wiki, mavuno hugawanywaje, na ruhusa ya ardhi inaisha lini. Kikundi kinachojibu yote manne kwa kufungua kitabu ni kikundi cha kuaminiwa.

Kikundi nacho kiwe na mlango. Wakazi wengi wa Mombasa ni wapangaji. Leo wako Mikindani, mwaka ujao Kisauni. Kiingilio kikubwa huwafungia nje wale wale wanaohitaji mboga zaidi. Siku kadhaa za kazi zinaweza kuhesabiwa badala ya fedha, na mwezi mmoja wa majaribio humwonyesha mgeni na wenyeji kama watapatana. Anayehama aambiwe mapema atachukua nini na ataacha nini.

Kazi ya mwezi huu

Kikundi kinachotaka kupanda vuli hii kinaweza kugawa mwezi mmoja hivi. Wiki ya kwanza, watu wakutane, wachague viongozi na waandike kumbukumbu. Wiki ya pili, mwenye kiwanja atafutwe na barua iandikwe. Wiki ya tatu, maji yahesabiwe, udongo uulizwe historia yake na rundo la mboji lianzishwe. Wiki ya nne, afisa wa ugani aalikwe aone kiwanja kabla hakijachimbwa. Ushauri wake ni huduma ya kaunti, na kumwita ni haki ya mkazi.

Jembe linaweza kuazimwa kwa jirani asubuhi na kurudishwa jioni. Barua yenye sahihi, kitabu cha zamu na kanuni ya kugawana havina wa kuazimwa kwake. Hivyo kila mtaa hujiandikia wenyewe, na vikishaandikwa, mbegu huingia ardhini kwa amani.