Kabla ya Kumkana Mtoto

Leo nasema na mwanamume aliyepokea wito wa mahakama ya watoto kwa dai la matunzo, naye moyoni anaamini mtoto yule si damu yake.

Ndugu yangu, kuuliza ni haki yako. Lakini hapa Garissa swali hilo hugusa zaidi ya mfuko wako. Mtoto wa kwetu anabeba jina lake, la baba na la babu, na huhesabu abtirsi yake, yaani majina ya mababu zake, hata kabla hajajua kusoma. Kwa jina hilohilo, siku moja ataomba kitambulisho, nasi watu wa Kaskazini Mashariki tunajua vizuri jinsi maswali ya asili yalivyotutesa kwenye meza za usajili.

Sheria haikurahisisha kumkana. Kifungu cha 118 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya chasema mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, au ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika na mama hajaolewa tena, ni wa mume, ila ithibitike kwamba wawili hao hawakuwa na nafasi ya kukutana mimba ilipotungwa. Dini nayo yasema mtoto ni wa kitanda cha ndoa, yaani wa mume, na mlango wa kumkana ni liani, iliyotajwa katika Sura An-Nur: mume ale viapo vinne, cha tano ajitakie laana ya Mungu ikiwa ni mwongo. Mke naye anavyo viapo vyake vya kujitetea.

Liani haina subira. Kwa madhehebu ya Shafii, tunayofuata wengi huku, mume akishajua akanyamaza bila udhuru, nafasi imempita. Na mwaka 2002 Baraza la Fiqhi lililokutana Makka lilikataa kipimo cha DNA kishike nafasi ya liani. Kwa hiyo anayelea miaka saba, kisha baada ya talaka anakimbilia maabara Nairobi kwa sababu ameombwa karo, amechelewa. Nasema hivyo nikijua uchungu wa kudanganywa ni mkubwa.

Baba wa kambo ana hali nyingine. Sheria ya Watoto ya 2001 ilimtaka hakimu aulize: je, huyu alichukua jukumu akijua mtoto si wake? Amelibeba kwa muda gani? Nani mwingine anapaswa kulibeba? Hayo ni maswali ya haki, na hilo la mwisho ndilo tunalolikwepa. Ibara ya 53 ya Katiba inawabebesha mama na baba mzigo sawa, wawe wameoana au la. Basi mwanamume aliyemzaa mtoto naye aitwe. Mbona baraza zima linamkazia macho mwanamke peke yake?

Anayeshuku aende kwa kadhi mapema kwa jambo la nasaba. Anayedaiwa matunzo ajibu mahakamani, na akitaka kipimo amwombe hakimu aamue, wala asimchukue mtoto kisirisiri kwenda kutolewa damu. Nanyi wazee wa maslaha, yaani suluhu ya kimila, wapatanisheni wakubwa, hiyo ni kazi yenu ya heshima. Ila matunzo ya mtoto hayafutwi kwa ngamia waliotolewa kati ya koo mbili. Mtoto hakuwepo mlipokubaliana, na kesho asubuhi anahitaji kula na kwenda shule.