Karakana ya Pawatila Nyumbani: Tuanze na Sakafu

(Maneno yaliyotolewa na Ofisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata. Yanachapishwa kwa ombi la wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Tangu kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009, trekta ndogo za kuongozwa kwa mikono, ambazo sote tunaziita pawatila, zimeenea katika mashamba ya mpunga nchini. Mashine zimefika vijijini, lakini mafundi wengi wamebaki mjini. Matokeo yake mnayafahamu: mvua imenyesha, jaruba limejaa maji, na pawatila imelala chini ya mwembe ikimsubiri fundi anayetoka mbali kwa nauli ya mwenye shamba. Siku kumi za msimu zikishapotea, hakuna kipuri kinachoweza kuzirudisha.

Kwa hiyo nawaunga mkono vijana wanaokusudia kufungua karakana majumbani mwao. Wengi wao, hata hivyo, huanza kwa kuulizia bei ya spana. Mimi ningeanza na sakafu.

Injini ya pawatila ni ya dizeli, yenye silinda moja, na umbo lake halimtishi mtu aliyejifunza. Adui yake mkubwa ni uchafu. Pampu ya dizeli na nozeli zimeundwa kwa nafasi finyu kuliko unene wa unywele, na chembe chache za mchanga hutosha kuzikwaruza. Nozeli iliyofunguliwa juu ya udongo, upepo ukivuma, huweza kurudi kwenye injini ikiwa na ugonjwa mkubwa kuliko ule ulioileta.

Sakafu hiyo na iwe ya saruji, inayofagika, yenye mteremko mdogo kuelekea kwenye kishimo cha kukingia oili. Pawatila isiyo na tela ina urefu wa takriban mita mbili na nusu. Chumba cha mita nne kwa tano kitampa fundi nafasi ya kuizunguka. Juu pawepo boriti imara ya kuning'inizia cheni bloki, maana injini peke yake huwashinda watu wawili, na mgongo wa kijana hauna kipuri. Upande mmoja uachwe wazi, kwa sababu moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua ndani ya chumba kilichofungwa.

Vifaa vya kuanzia si vingi: meza yenye jiliwa, spana ringi na spana bapa, boksi spana, fila geji ya kupimia nafasi ya valvu, bomba la grisi, na pula ya kuvutia beringi. Ongezeni sinia safi la kupangia vipuri kwa utaratibu vilivyofunguliwa. Kwa maoni yangu lina thamani kuliko nusu ya spana hizo. Mashine ya kulehemu inaweza kungoja. Atakayekuwa nayo ajue kwamba ataletewa matangi ya mafuta yanayovuja, naye akatae kuyachomelea. Tangi lililokaa tupu wiki nzima bado lina mvuke, na mvuke huo hulipuka.

Kabla ya kushika spana, fundi amuulize mwenye mashine: oili ilibadilishwa lini, chujio la hewa lilisafishwa lini, na dizeli ilibebwa katika chombo gani? Mara nyingi jibu la tatu humaliza uchunguzi. Aidha, oili ya giaboksi ikigeuka rangi ya maziwa, maji ya jaruba yamekwisha kupita kwenye sili. Kubadilisha oili na kuiacha sili ileile ni kumla mteja fedha zake.

Oili chakavu ihifadhiwe katika pipa lenye mfuniko. Isimwagwe mtaroni, wala barabarani kwa kisingizio cha kutuliza vumbi, kwani wengi wetu tunakunywa maji ya visima. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Pimeni kwanza, ndipo mchimbe msingi.

Kwa upande wa Halmashauri, utaratibu wa kuomba leseni ya biashara uulizwe katika Ofisi ya Biashara, na mwombaji awe na namba ya mlipakodi. Waliojifunza ufundi kazini bila kukaa darasani waulizie VETA kuhusu urasimishaji wa ujuzi, ili wapimwe na kupewa cheti. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kwa kawaida hukopeshwa vikundi vilivyosajiliwa. Kijana mwenye wazo peke yake atafute wenzake mapema. Ofisa Maendeleo ya Jamii wa Kata atawaeleza utaratibu wa kuomba, na Ofisa Ugani yupo hapa kujibu maswali yenu kuhusu mashine.