Shah: jina moja, asili mbili

Msikilizaji, mtu aliyeko Dima wa Tayyin, katika eneo la Sharqiyah nchini Oman, akitajiwa jina la Al-Harthy au Al-Barwani, hana haja ya kuuliza mengi. Jina hilo la mwisho ni nisba. Humtaja mtu kwa kabila lake, na kabila likamrejesha Ibra na miji ya jirani yake. Nisba hizo zilivuka bahari pamoja na wenyewe. Ndiyo maana historia ya Tanganyika inamkumbuka Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyepigana na Wajerumani mwaka 1888 na 1889, na ile ya Zanzibar inamkumbuka Ali Muhsin al-Barwani.

Lakini mazoea hayo ya kumsoma mtu kwa jina lake la mwisho yanaweza kutupotosha tunapokutana na majina ya Kihindi. Tulitazame jina moja tu, lililoandikwa juu ya milango mingi ya maduka na ofisi za mawakili na madaktari mjini Nairobi: Shah.

Wengi wetu tukilisikia tunafikiri Uajemi. Katika Kiajemi, shah ni mfalme. Kiswahili nacho kinalo neno hilo, kwani mshairi aliyewapita wenzake tunamwita shaha wa malenga. Huko Bara Hindi, Waislamu wengi wanaojinasibisha na ukoo wa Mtume hujiita Shah, na masufi walipewa jina hilo kwa heshima. Wafalme wa Nepal, ambao ni Wahindu, nao walikuwa wa ukoo wa Shah, hadi ufalme ulipofutwa mwaka 2008.

Asili ya pili haina taji. Katika Sanskriti, sadhu ni mtu mwema, mwadilifu. Neno hilo likageuka kuwa sahu, kisha sah, nalo likawa jina la heshima la mfanyabiashara ambaye watu waliamini neno lake na mizani yake. Huko Gujarat likaja kuandikwa Shah, sawasawa na lile la Kiajemi. Wagujarati wana masimulizi kwamba katika enzi za Sultani Mahmud Begada, aliyefariki mwaka 1511, njaa iliikumba nchi, na mfanyabiashara mmoja wa kijijini, Khema Dedrani, akajitolea kuilisha kwa mwaka mzima. Tangu hapo, husema wasimulizi, Shah hutangulia, Badshah hufuata.

Shah wengi wa Kenya ni wa asili hiyo ya pili. Ni Waoshwal, wafuasi wa dini ya Jain, ambao wazee wao walitoka katika vijiji 52 vya jirani na Jamnagar na kuanza kuingia Kenya mwaka 1899. Walioitwa Shah walikuwa wengi mno, hata jina hilo peke yake likawa halimtambulishi mtu, na baadhi wakashika majina ya koo zao, kama Dodhia, Haria na Gudka.

Wapenzi wa kriketi watakumbuka kwamba Ravindu Shah, mzaliwa wa Nairobi, alikuwamo katika timu ya Kenya iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Owais Shah, mzaliwa wa Karachi, aliichezea Uingereza. Kwa jina lao la mwisho tu, nani angewatofautisha?

Msikilizaji, huu si mchezo wa wanaisimu tu. Oktoba mwaka 2018, mji wa Allahabad nchini India ulibadilishwa jina ukaitwa Prayagraj, katika wimbi la kuyaondoa majina yenye asili ya Kiislamu. Mwezi uliofuata, mwanahistoria Irfan Habib alisema kwamba Shah nalo ni jina la Kiajemi, na kwamba kiongozi wa chama tawala wakati huo, Amit Shah, angeanza na jina lake mwenyewe. Hoja ilichoma. Lakini Amit Shah ni Mgujarati wa jamii ya wafanyabiashara, na kwa jina la watu hao iko ile asili ya pili. Maandishi yake ni ya Kiajemi; mzizi wake waweza kuwa wa Sanskriti. Nani atalipasua katikati?

Tena jina huweza kuwa suala la uhai. Katika ghasia za Gujarat mwaka 2002, watetezi wa haki za binadamu waliripoti kwamba washambuliaji walikuwa na orodha za nyumba na maduka ya Waislamu. Nchini Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka 2007, wako waliosimamishwa barabarani wakaulizwa majina yao, na jibu likaamua nani apite.

Kwa hiyo ukikutana na Shah, awe Mombasa, Muscat au London, jina lake halitakuambia kama babu yake alikuwa sharifu, mfalme au muuza nguo, wala anasali wapi. Litakuambia tu kwamba mahali fulani, zamani, watu waliona anastahili heshima. Mengine, muulize mwenyewe.