Koipu wa Ziwani na Doa la Mwambani

Kitabu cha Mithali, sura ya 30, chawataja viumbe wadogo wenye akili: chungu, wibari, nzige na mjusi. Leo tutazame wengine wawili wasiotajwa humo.

Wa kwanza ni koipu, mnyama wa jamii ya panya atokaye Amerika ya Kusini. Ukimwona utadhani ni ndezi aliyejifunza kuogelea: meno yake ni ya rangi ya chungwa, na miguu ya nyuma ina utando kama wa bata. Muumba amemwekea jike chuchu juu ubavuni, karibu na mgongo, ili watoto wanyonye huku mama akielea. Lakini binadamu alitazama manyoya yake tu. Aliletwa Kenya kufugwa, na katika miaka ya 1960 wengine walitoroka wakafika Ziwa Naivasha. Walikula mimea ya majini, na mayungiyungi yalipotoweka wakalaumiwa. Haki itendeke hata kwa mnyama: kamba wa Marekani, aliyetiwa ziwani humo mwaka 1970, alikuwa mlafi vilevile, naye aliletwa na watu wenye kutafuta fedha. Hatimaye koipu mwenyewe akatoweka.

Sasa tuondoke ziwani, tupande Mlima Kenya hadi juu kuliko miti. Huko mawe yana madoa ya kijani-manjano, yenye mipaka myeusi kama ramani. Hiyo ni laikeni. Kwa macho ni kitu kimoja, kumbe ni kuvu na mwani wanaoishi kama mume na mke: kuvu hushika mwamba na kutunza unyevu, mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Hupanuka chini ya milimita moja kwa mwaka. Mwaka 2005 laikeni ya aina hii ilipelekwa angani, ikaachwa wazi pasipo hewa kwa takriban wiki mbili, ikarudi hai.

Nasi, katekista akituletea jumuiya ya familia nne baada ya mwaka mzima, twamwuliza, "Wengine wako wapi?" Ni mara chache tumemwuliza kama hao wanne wanalishana.

Barafu ya Mlima Kenya imezidi kupungua, na mawe yaliyofunikwa yamebaki wazi. Wataalamu hupima upana wa madoa hayo, wakadirie jiwe limeliona jua kwa miaka mingapi. Doa lenye upana wa kiganja huwa na umri kupita wa mzee yeyote wa parokia.