Hofu na Madhara Yake: Wajibu wa Wenye Mamlaka kwa Walio Chini Yao

(Hotuba ya mwalimu mstaafu mbele ya wazazi na walimu wa madrasa)





Nimetakiwa nizungumze juu ya hofu. Kazi hii nimeipokea kwa moyo mzito, kwa sababu katika miaka yangu ya ualimu nilikuwa mmoja wa wale waitiao hofu katika nyoyo za watoto, nikidhani kwamba ninawafundisha. Niliingia darasani na fimbo mkononi. Mtoto aliyesoma vizuri nyumbani mbele ya mama yake, aliposimama mbele yangu alisahau kila kitu, nami nikamchapa kwa kusahau. Baadaye nilipojifunza namna ubongo unavyofanya kazi, nilifahamu kwamba mtoto yule hakuwa mjinga wala mkaidi. Mimi ndiye niliyemfungia mlango wa akili yake.

Hofu ni ulinzi

Kwanza kabisa ifahamike kwamba hofu yenyewe si aibu. Ni ulinzi ambao Mwenyezi Mungu amemwekea kila kiumbe. Ndani ya kila upande wa ubongo kuna sehemu ndogo mfano wa lozi, nayo wataalamu huiita amigdala, jina litokanalo na neno la Kiyunani lenye maana hiyohiyo ya lozi. Mojawapo ya kazi zake ni kutambua hatari na kupiga mbiu, na mbiu hiyo hupigwa kabla akili haijamaliza kufikiri. Mtu atembeaye usiku, akiona kitu kimejikunja njiani, huruka nyuma kwanza; kisha hutazama vizuri, kumbe ni kamba. Mwili umetangulia na akili imefuata. Kuna hekima kubwa katika jambo hili, maana arukaye kamba mara mia hapati hasara, lakini asubiriye kuhakikisha kama ni nyoka huenda asipate nafasi ya pili.

Wahenga wetu walisema: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ndivyo ubongo ulivyo hasa. Amigdala hushiriki katika kuhifadhi kumbukumbu ya kilichotuumiza, na kila kifananacho nacho huweza kuamsha mbiu ileile. Kwa hiyo, mtu aliyenusurika katika ajali au ukatili, ambaye miezi mingi baadaye bado anashtuka na hapati usingizi, tusimwambie kwamba imani yake ni dhaifu. Huo ni ugonjwa ujulikanao na wenye tiba, apelekwe hospitali.

Mwili wakati wa hatari

Mbiu ikishapigwa, tezi mbili zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hwenda mbio, pumzi huongezeka, sukari huingia katika damu, na damu nyingi hupelekwa kwenye misuli. Kazi zisizo za haraka husimamishwa: tumbo huacha kusaga chakula na mate hukauka kinywani. Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alieleza haya katika kitabu chake cha mwaka 1915, akaonyesha kwamba hapo mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Kisha tezi hizohizo hutoa kemikali nyingine iitwayo kotisoli, ambayo huyaendeleza maandalizi hayo.

Tazameni pundamilia. Simba akimfukuza, jambo huisha kwa muda mfupi: ama ameliwa, ama ameokoka. Akiokoka, mbiu hunyamaza naye hurudi kula majani. Lakini mwanadamu huweza kulala na simba wake kitandani. Deni, kodi ya nyumba, mkubwa wa kazi mwenye matusi, mume mkali: hawa hawaondoki kwa dakika tatu, na mbiu hulia mwaka mzima.

Mwaka 1936, Hans Selye, mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, alitangaza kwamba panya waliotaabishwa kwa njia mbalimbali, wengine kwa baridi, wengine kwa majeraha, wengine kwa kuchoshwa kupita kiasi, walipatwa na madhara yaleyale: tezi za juu ya figo zilivimba, viungo vya kinga ya mwili vilisinyaa, na tumbo likapata vidonda. Kwa mwanadamu nako, mfadhaiko wa muda mrefu huvuruga usingizi, hupandisha shinikizo la damu na hupunguza kinga dhidi ya maradhi.

Ubongo nao hauachwi. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo itusaidiayo kupima mambo, kujizuia na kushika tunachokifikiria. Hofu ikizidi, sehemu hiyo hulegea na amigdala hushika usukani. Huyo ndiye mtoto wangu wa darasani. Aliyajua aliyofundishwa, lakini ubongo wake ulikuwa unatazama fimbo.

Funzo kutoka Maasai Mara

Ndugu wapenzi, nani anaiwasha mbiu hii katika maisha ya watu? Jibu moja lilipatikana jirani kabisa, huko Maasai Mara nchini Kenya. Tangu mwaka 1978, mtaalamu wa Marekani Robert Sapolsky alikuwa akienda huko kuchunguza nyani, akiwapiga sindano ya usingizi kwa mbali na kupima damu yao. Nyani hao hupata chakula kwa saa chache tu kwa siku, na muda uliobaki mwingi huutumia kutaabishana. Dume aliyeshindwa humgeukia aliye chini yake, naye humgeukia aliye dhaifu zaidi. Je, jambo hili hatulijui majumbani mwetu? Baba amekaripiwa kazini, jioni anayelia ni mtoto. Sapolsky aliona kwamba katika makundi ya namna hiyo, madume wa chini walikuwa na kotisoli nyingi hata siku ambayo hawajaguswa.

Katikati ya miaka ya 1980 kundi moja lilipatwa na msiba. Madume wakali walizoea kwenda kugombea mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii, na huko wakala nyama yenye kifua kikuu. Karibu nusu ya madume wa kundi walikufa, nao walikuwa ndio wagomvi. Wakabaki wapole, na majike wakawa wengi kuliko madume. Kundi likatulia. Jambo la ajabu ni kwamba madume wageni waliozaliwa katika makundi mengine walipohamia humo, nao walijifunza upole ule. Miaka kumi baadaye hakuna dume wa zamani aliyebaki, na desturi iliendelea. Sapolsky na mwenzake Lisa Share walipoyachapisha haya mwaka 2004, walieleza kwamba madume wa chini katika kundi hilo hawakuwa na dalili za mfadhaiko zilizozoeleka kwa wenzao wa makundi mengine.

Huenda mtu akasema: sisi si nyani. Ni kweli. Lakini huko London, kuanzia mwaka 1967, walichunguzwa wanaume zaidi ya 17,000 watumishi wa serikali. Wote walikuwa na ajira na mshahara, hata hivyo wa ngazi za chini walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi sana kuliko wakubwa wao, na uvutaji wa sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Na kama mnyama asiye na maandiko ameweza kubadili desturi yake, sisi tuna udhuru gani?

Yatupasayo

Je, tuwaache watoto bila adabu? Hasha. Mtoto ahitaji mipaka. Lakini mpaka uliowekwa wazi haumtishi mtoto. Kinachomchosha ni kutojua kipigo kitashuka lini na kwa kosa gani. Basi tueleze makosa kabla hayajatendwa, tusiadhibu tukiwa na hasira, na mtoto akisahau tumrudishe aya kwa upole. Mtu mzima mtulivu aketipo karibu na mtoto mwenye hofu, mwili wa mtoto hutulia.

Nasi wenyewe tukikasirika, tunyamaze, tukae chini, tuvute pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi. Kwa kufanya hivyo moyo hupunguza mwendo, na akili hupata nafasi ya kurudi mahali pake.

Mwisho, kila mmoja wetu ajiulize swali ambalo mimi nilichelewa kujiuliza: ninapofungua mlango wa nyumba yangu jioni, walio ndani wanafurahi, au wananyamaza? Wakinyamaza, basi simba wao ni mimi.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa amani kwa walio chini yetu. Amin.