Nani Anamkaribisha Nani? Ofisi za Kampuni na Majirani Zake



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la wataalamu peke yao: namna kampuni kubwa inavyopaswa kujenga makao yake ili watu wa mtaa ule wasijione wamefungiwa nje. Wasanifu majengo wana michoro yao, wahandisi wana hesabu zao, nasi twaweza kudhani kwamba kazi yetu ni kusimama kando na kutazama jengo likipanda. Hatuoni hivyo. Jengo likishasimama hudumu kwa miaka mingi. Ukuta uliojengwa pasipo kuulizana hukata njia ya watoto ya kwenda shule na ya mgonjwa ya kwenda zahanati, na kuubomoa baadaye ni kazi ngumu kuliko kuuzuia kwa hoja moja siku ya mkutano.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Siku hizi kampuni nyingi hutangaza kwamba ofisi zao "zinawakaribisha majirani". Maneno hayo ni mazuri, lakini yamegeuza mambo juu chini. Kampuni ndiyo iliyokuja; majirani walikuwapo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama kampuni ni karimu, yatupasa kuuliza kama imeingia kwa adabu ya mgeni: je, ilibisha hodi? Je, ilisikiliza? Je, kuja kwake kumemponya mwenyeji au kumemhamisha?

Tumechagua mifano mitatu kutoka jimbo la California nchini Marekani. Huko kampuni kubwa za kompyuta zimejenga makao yao katikati ya miji ya watu wa kawaida, na maamuzi ya mabaraza ya miji hiyo hufanywa hadharani, hivyo twaweza kujifunza mema yao na makosa yao.

Mfano wa kwanza ni makao ya kampuni ya Apple mjini Cupertino, yaliyofunguliwa mwaka 2017. Jengo lake kuu ni duara la vioo lenye mzunguko wa kilometa 1.6 hivi, katika eneo la ekari zipatazo 175, kwa ajili ya wafanyakazi 12,000 hivi. Ndani ya duara mna bustani na miti ya matunda. Mtu wa mjini hapiti humo. Amejengewa kituo cha wageni ng'ambo ya barabara, chenye duka, mkahawa, na mahali pa juu pa kutazamia. Mwezi Juni mwaka 2011, Steve Jobs alipoueleza mpango huo mbele ya baraza la mji, aliulizwa wakazi watafaidika nini, ikatajwa huduma ya intaneti bila malipo. Alijibu kwamba kampuni hulipa kodi, na mambo ya namna hiyo ni kazi ya mji.

Jibu hilo lina ukweli wake. Kulipa kodi ni wajibu, na kampuni inayogawa zawadi ndogo huku ikikwepa kodi kubwa haimtendei jirani haki. Lakini kodi peke yake haiifungui njia iliyozibwa, wala haimpi mzee benchi la kupumzikia kivulini. Ujirani una madai yake, na mchoro wa jengo ndio mahali pa kwanza yanapojibiwa au kukataliwa.

Mfano wa pili ni mdogo, ila wafaa kukumbukwa. Kampuni nyingi za eneo hilo huwalisha wafanyakazi wao bure ndani ya ofisi. Ni wema kwa mfanyakazi. Lakini mwenye mkahawa wa jirani humwona mteja wake akiingia asubuhi na kutoka jioni bila kununua hata kikombe cha chai. Mwaka 2014 mji wa Mountain View uliweka sharti juu ya ofisi mpya katika eneo la San Antonio: kampuni isilipie zaidi ya nusu ya gharama ya chakula cha kila siku ndani ya jengo, bali iwe huru kuwalipia wafanyakazi wake wakienda kula katika mikahawa iliyo wazi kwa watu wote. Kampuni ya Facebook ilipohamia huko mwaka 2018 ililikuta sharti hilo. Kila mama lishe aliyewahi kuona geti jipya likijengwa mbele ya meza yake atalielewa bila kufafanuliwa.

Mfano wa tatu ndio mkubwa, na ndio unaotufundisha zaidi. Mwaka 2017 Jiji la San José lilianza mazungumzo na kampuni ya Google juu ya kujenga ofisi karibu na stesheni ya reli ya Diridon. Wapangaji wengi waliingiwa na hofu. Walijua kwamba wafanyakazi wenye mishahara minono wakija, kodi za nyumba hupanda, na asiyeweza kulipa hufungasha virago. Mwezi Desemba 2018, baraza la jiji lilipokutana kuidhinisha kuiuzia Google ardhi ya umma, baadhi ya wapinzani walijifunga kwa minyororo kwenye viti vya ukumbi. Hata hivyo mauzo yalipitishwa.

Lakini watu hawakunyamaza. Vyama vya wafanyakazi, mashirika ya wapangaji na makundi ya waamini waliendelea kudai, na mpango ulibadilika kadiri miaka ilivyokwenda. Tarehe 25 Mei 2021 baraza liliuidhinisha kwa kauli moja mpango wa eneo la ekari 80 hivi: ofisi za futi za mraba milioni 7.3, nyumba zipatazo 4,000, na bustani na viwanja vya wazi vya ekari 15. Eneo lilichorwa kuwa sehemu ya jiji, lenye mitaa ya kupita kila mtu na maduka katika ghorofa za chini. Juu ya hayo, kampuni iliahidi manufaa ya jamii yenye thamani ya dola milioni 200. Kati ya hizo, dola milioni 150 zilikusudiwa kwa mfuko wa kuwazuia watu wasihamishwe na kuwaandaa wakazi kwa kazi.

Je, hadithi iliishia hapo kwa furaha? La. Mwaka 2023, baada ya baadhi ya majengo ya zamani kubomolewa, kampuni ilisimamisha ujenzi. Sehemu kubwa ya fedha zile ilikuwa imefungamanishwa na kujengwa kwa ofisi: ofisi isipojengwa, fedha haidaiwi. Wenyeji wakabaki na mchoro mzuri na uwanja mtupu.

Ndugu wapendwa, kutokana na mifano hii twaona mambo matatu ya kushika.

Kwanza, hodi hubishwa kabla ya kuingia. Mkutano unaoitishwa baada ya mchoro kukamilika ni wa kuwapasha watu habari tu. Hatuna budi kudai nafasi wakati mistari bado inaweza kufutwa. Sheria zinatuunga mkono. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka wananchi washirikishwe katika tathmini ya athari za miradi mikubwa. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 10, inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa tunu za taifa. Lakini sheria haiendi mkutanoni yenyewe. Yahitaji watu waende. Na taarifa ikiletwa kwa lugha ngeni, tuombe muhtasari wa Kiswahili kabla ya siku ya mkutano.

Pili, ukarimu wa jengo huonekana ukingoni mwake. Tusiduwazwe na vioo vya juu. Tutazame chini, pale ofisi inapokutana na barabara. Je, njia ya miguu ya zamani imeachwa? Je, upande unaowatazama majirani ni ukuta mtupu, au kuna maduka, miti na mahali pa kuketi? Mama lishe na waendesha bodaboda wamepangiwa nafasi, au watafukuzwa siku ya ufunguzi? Maji ya mvua yatokayo kwenye maegesho ya magari yataelekea wapi: kwenye mfereji, au kwenye nyumba za walio bondeni? Na mlinzi wa getini ameagizwa nini atakapomwona mtoto wa mtaani ameketi bustanini? Jirani asiye na elimu ya usanifu aweza kuuliza maswali haya yote, tena mara nyingi anayajua majibu kuliko mwenye mchoro.

Tatu, ahadi iandikwe, nayo iwe na tarehe. San José imetufundisha kwamba hata ahadi iliyoandikwa yaweza kulala ikifungamanishwa na jambo ambalo kampuni peke yake ndiyo yenye kuliamua. Kwa hiyo tuombe sehemu ya manufaa itangulie: njia ijengwe kabla ya ghorofa, mfereji uchimbwe kabla ya maegesho, wapangaji walindwe kabla ya nyumba ya kwanza kubomolewa. Mgeni mwema hamwambii mwenyeji asubiri kupona hadi yeye atakapoamua kukaa.

Hatusemi haya kwa chuki dhidi ya kampuni. Vijana wetu wanahitaji kazi, na ofisi iliyojengwa kwa kusikilizana huwa baraka kwa mtaa mzima. Tena tusiwe wepesi wa kuona ukuta wa jirani tu. Parokia nazo zina uzio na mageti. Tukienda kumuuliza mwekezaji kwa nini bustani yake imefungwa, huenda naye akatuuliza geti letu hufungwa saa ngapi, na nani huzuiwa kuingia. Itafaa tuwe na jibu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

1. Katika eneo letu, ni jengo gani lililokata njia au riziki ya watu? Je, tulikuwa wapi lilipokuwa likipangwa?

2. Ni nani kati yetu huhudhuria mikutano ya mtaa au kijiji, na je, hutuletea taarifa?

3. Kampuni ikija kesho kuomba ardhi, ni mambo gani matatu tungeyataka yatangulie kabla ya jiwe la msingi?