Sekunde 18 za Mgonjwa

Msikilizaji, mgonjwa akiketi mbele ya daktari huanza na lililo jepesi kutamka. Kichwa kinauma, usingizi hauji. Lenyewe hasa, pengine hofu ya saratani au kipigo cha nyumbani, hulibakiza mwisho. Je, atafika huko mwisho?

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichapisha uchunguzi wa mazungumzo 74 ya daktari na mgonjwa yaliyorekodiwa. Kwa wastani, daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Ni asilimia 23 tu ya wagonjwa waliopata kumaliza kueleza shida iliyowaleta. Siamini kwamba madaktari hao walikuwa na roho mbaya. Haraka ya kazi tunaijua sote. Lakini utafiti mwingine wa mwaka 1999, ambao Beckman alishiriki, ulionyesha kuwa mgonjwa aliyeachwa amalize alitumia, kwa wastani, sekunde 6 zaidi ya yule aliyekatizwa. Sita tu!

Kujua kumsikiliza mgonjwa ni jambo la saikolojia, ndiyo maana naikataa kauli kwamba saikolojia ni somo la kujazia ratiba katika vyuo vya udaktari na uuguzi. Huko Marekani, tangu mwaka 2015, mtihani wa kuomba kujiunga na vyuo vya udaktari una sehemu nzima ya saikolojia na sosholojia. Ni uamuzi sahihi kabisa.

Wewe unayeanza masomo ya tiba, nakusihi: mgonjwa wako wa kwanza akianza kuzungumza, weka kalamu chini, umwache amalize.